Barua ya wazi: Tafiti za wanafunzi zirudi kwenye mitaa zilikofanyika

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Wakurugenzi wa Jiji na Manispaa zote za mkoa huu. Na wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha mipango miji, uhandisi na mazingira.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba jambo moja. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo wanafanya utafiti katika mitaa yetu kuhusu mafuriko, mitaro, vyoo, taka, viwanja na mito. Naomba matokeo ya kazi hizo yarudishwe kwenye mitaa yalikotoka, kwa Kiswahili, na ofisi zenu ziwe na wajibu wa kuyasoma kabla ya kuchora ramani, kujenga mtaro au kumwambia mtu avunje nyumba ahame.

Naishi kando ya Bonde la Msimbazi na nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu kwa muda mrefu. Wanafunzi wakija, mara nyingi mimi ndiye ninayepewa kazi ya kuwatembeza. Wanakuja zaidi kuanzia Julai, chuo kikifungwa, wakati wa mafunzo kwa vitendo. Barua ya utambulisho imetoka chuoni, imepita halmashauri, imepita kata, imegongwa mihuri, halafu mtendaji wa mtaa ananiita: “Mama, kuna wageni wako.” Nawapeleka kwa mjumbe wa shina, na mjumbe anawapeleka nyumba kwa nyumba. Watoto hawa wana adabu. Wanaamkia, wanavua viatu mlangoni, wanakunywa maji tunayowapa. Wanauliza choo ni cha aina gani na kimejaa mara ya mwisho lini, taka zinatupwa wapi, mwenye nyumba ana karatasi gani ya kiwanja, maji ya mafuriko yalifika wapi. Sisi tunajibu mambo ambayo hata jirani hatumwambii. Kisha wanashukuru na kuondoka, na kwa sehemu kubwa ya kazi hizo hatusikii tena chochote.

Lawama si ya mwanafunzi. Yeye ana tarehe ya kuwasilisha tasnifu, ana msimamizi, ana nauli ya kuhesabu. Akishapata alama zake kazi inawekwa kwenye rafu au kwenye kompyuta ya maktaba, imeandikwa kwa Kiingereza, na hakuna kanuni inayomwambia mtu yeyote aifuate huko. Mwaka unaofuata anakuja kijana mwingine na dodoso linalofanana, anamuuliza bibi yule yule swali lile lile kuhusu choo kile kile. Bibi sasa amechoka. Ameanza kusema hayupo.

Nataka mwelewe ni kitu gani kinachopotea hapo. Kwa miaka mingi jiji hili liliongozwa na mipango mikuu mitatu, wa 1949, wa 1968 na wa 1979. Wa kwanza ulitayarishwa na kampuni ya Uingereza, miwili iliyofuata na kampuni za Kanada. Wakati wa sensa ya 1967 jiji lilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 imeuhesabu mkoa na kupata watu 5,383,728. Wengi wa watu hao wamejenga na kupanga katika maeneo ambayo mchoraji hakuyagusa, au aliyapaka rangi ya kijani na kuandika kuwa ni eneo la wazi. Vichochoro vyetu, mifereji yetu ya kuchimba kwa majembe, madaraja yetu ya mbao na visima vyetu havikuwa kwenye ramani ya ofisi yoyote kwa miaka mingi. Aliyekuja kuviandika kwa mara ya kwanza, mahali pengi, alikuwa mwanafunzi.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora Tandale kichochoro kwa kichochoro, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Kuanzia 2015 kazi hiyo ikapanuka chini ya mradi wa Ramani Huria, ukiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam, na watu wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Wanafunzi walitembea kata kwa kata na vifaa vya GPS, wakarusha ndege zisizo na rubani, na walipofika kwenye jambo ambalo ndege haiwezi kuliona wakauliza watu. Mwenye nyumba anaulizwa maji yalifika wapi. Anaonyesha kwa mkono: gotini, kiunoni, kwenye swichi ya taa. Wanapima kwa futi na kuandika. Baadaye wakarudi kupima mitaro yenyewe, upana wake, kina chake, imejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, imeziba au inapitisha. Wakachora hata mipaka ya mashina, kwa sababu waligundua kwamba ukitaka kujua nani anaishi wapi Dar es Salaam, mjumbe wa shina anajua kuliko daftari lolote. Ramani hizo zilitumika katika mipango ya kukabiliana na mafuriko. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama kazi ya wanafunzi ina thamani. Serikali yenyewe imeshaitumia pale mfadhili alipokuwepo wa kuikusanya.

Ninachokililia ni ile isiyo na mfadhili. Tasnifu ya msichana mmoja aliyekaa mtaani wiki kadhaa peke yake na daftari. Hizo ni nyingi sana, na kwa mtaa kama wetu ndizo zenye undani zaidi.

Nichukue mfano mmoja. Kwetu maji ya mafuriko yana tabia mbili. Kuna maji yanayoshuka kutoka juu, mvua ikinyesha Pugu, Kinyerezi na Ubungo. Kuna pia siku ambazo kwetu haijanyesha mvua kubwa lakini mtaro unajaa na kusimama, na hata kurudi nyuma. Wazee wetu wanajua sababu: ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Bahari ikijaa pale mto unapoingia, chini ya Daraja la Salenda, maji ya mto hayana pa kwenda. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa mazingira alilichukua jambo hilo la wazee kwa uzito. Akaja siku za bamvua na siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana, akaweka alama kwa rangi kwenye ukuta wa kalavati, akapima. Akatuonyesha kwenye simu yake mchoro mzuri, maji ya mtaroni yakipanda na kushuka pamoja na bahari. Akahitimu, akaenda zake kutafuta kazi.

Miaka kadhaa baadaye mkandarasi alikuja kutujengea mtaro wa zege. Tulifurahi. Tukamweleza habari ya bamvua, akatuambia mchoro umeshapitishwa. Mtaro ukajengwa, mdomo wake ukaachwa chini, wazi, bila mlango wala kizuizi cha kuzuia maji yasirudi. Bamvua iliyofuata maji yakapanda na mtaro mpya kuingia majumbani kwa watu ambao zamani hayakuwa yakiwafikia, tena safari hii yamebeba kinyesi, kwa sababu huku juu watu hutapisha vyoo kwenye mtaro mvua ikinyesha. Akina mama walitoa magodoro nje kwa siku nyingi. Mchoro wa yule mwanafunzi ulikuwepo wakati wote huo. Ulikuwa kwenye maktaba, katika jiji hili hili.

Mfano mwingine unauma zaidi. Bondeni kuna wakulima wa mchicha, matembele na majani ya maboga. Wanalisha masoko ya mji. Kwa miongo mingi sasa watafiti na wanafunzi wamekuwa wakichukua sampuli za mboga, udongo na maji ya Msimbazi kupima madini mazito kama risasi na kromiamu, kwa kuwa mto unapita kwenye viwanda, kwenye machinjio na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, na karibu na madampo ya zamani. Ni kazi muhimu sana. Lakini ingieni bondeni mkamuulize mkulima aliyetoa fungu lake la mchicha likafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuandikwa namba. Anajua lilichukuliwa. Hajui lilionekana na nini. Hajui kama tuta la upande wa pili wa njia ni salama kuliko lake, kama akichimba kisima badala ya kunywesha kwa maji ya mto atapunguza tatizo, kama kuna mboga inayonyonya sumu kidogo kuliko nyingine. Yeye na watoto wake wanakula mboga hizo kila siku. Mtu aliyepimwa damu hospitali asipopewa majibu tungesema amedhulumiwa, na mimi sioni tofauti hapa.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme wazi, ingawa halipendezi. Watu wa bondeni wanawaogopa wanafunzi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini katika jiji hili, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, kisha tingatinga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na sheria hiyo mimi naiheshimu. Nimeona watoto wakichukuliwa na maji, sitetei mtu kulala mtoni. Ila tangu hapo kijana yeyote mwenye fulana ya chuo na karatasi mkononi anaonekana kama mtangulizi wa tingatinga. Wapangaji wanasema mwenye nyumba hayupo. Mwenye nyumba anataja idadi ya vyumba isiyo ya kweli, wengine wakiipunguza kwa hofu, wengine wakiiongeza kwa kutarajia fidia. Tangu mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi uanze, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, hesabu na uthamini vimekuwa vingi, na mtu wa kawaida hawezi kumtofautisha mthamini wa serikali na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Taarifa zinaharibika hapo hapo mlangoni. Mtafiti anarudi chuoni na majedwali yaliyojaa woga wetu, na mnaopanga mkiyatumia mnapanga juu ya woga.

Hili lina dawa, nayo ni uaminifu wa wazi. Iandikwe kwamba taarifa aliyopewa mwanafunzi kwa ajili ya masomo haitatumika kumhesabu mtu kwa ajili ya kumwondoa, na isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa kabla kijana hajagonga mlango wa kwanza. Watu wakiona pia kwamba aliyekuja mwaka jana alirudi na majibu, na kwamba majibu yale yalisaidia kalavati fulani kuzibuliwa, watafungua milango. Nimeona ikitokea, mara chache, pale ambapo mwanafunzi kwa hiari yake alirudi na ramani iliyochapishwa tukaibandika ofisini. Ile ramani bado ipo. Watu wanaishika kwa vidole kutafuta nyumba zao mpaka imechakaa pembeni.

Mto wenyewe unanipa sababu nyingine ya kuandika. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na kupokea maji ya mito mingine, Ubungo, Sinza, Luhanga na Kinyerezi, kabla ya kufika Jangwani na baharini. Watu wakijenga kwa wingi juu, miti ikikatwa na udongo ukiachwa wazi, mchanga unashuka na kuujaza mto huku chini. Sakafu ya mto ikipanda, maji yanatoka nje kwa mvua ambayo zamani ingepita. Ndiyo maana Jangwani inachimbwa mchanga na baada ya mvua chache imejaa tena, na mabasi yanasimama, na jiji linakatika vipande viwili. Sasa tazameni nani anasimamia nini. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka, taka ngumu ni za halmashauri, kingo za mto ni za NEMC, baraza la mazingira, maji ya mto yana ofisi ya bonde, na mto unavuka mipaka ya manispaa zaidi ya moja. Kila ofisi ina kipande chake. Wanafunzi ndio wanaotembea pote. Mmoja ameandika kuhusu mmomonyoko Kinyerezi, mwingine kuhusu wachimba mchanga, mwingine kuhusu nyumba zilizojaa tope Jangwani. Kazi hizo tatu zikisomwa pamoja zinaeleza hadithi nzima ya mchanga, kutoka unapong’olewa mpaka unapolala. Kwa taratibu zilizopo sasa, sidhani kama waandishi wake wamewahi hata kukutana, achilia mbali kukaa mbele ya mhandisi mmoja wa jiji.

Haya ninayoomba yameshafanyika, hapa na kwa majirani. Hananasifu, miaka ya 1990, wakazi walichimba na kujenga mitaro yao wenyewe kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, wataalamu wa chuo cha ardhi wakiwa pamoja nao, na vijana wa mtaa wakalipwa kwa kazi ile. Nairobi, serikali ya kaunti ilitangaza mwaka 2017 kuwa Mukuru ni eneo maalumu la mipango. Mukuru ni mitaa mitatu, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, yenye kaya zipatazo laki moja zilizobanana kando ya viwanda. Vyuo vikuu, Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa wakazi wa mitaa duni, na mashirika zaidi ya arobaini waligawana mada: maji, afya, ardhi, barabara, shule. Wanafunzi na wakazi wakahesabu na kuchora, na kila kilichopatikana kikarudishwa kwenye vikao vya wakazi wenyewe kabla ya kuingia kwenye mpango. Moja ya mambo yaliyothibitishwa ni kwamba mkazi wa Mukuru hulipa maji na umeme ghali kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri. Utafiti kama huo ukibaki chuoni unampa mtu shahada tu. Ukifika kwa mkazi anayelipa bei hiyo, anapata kitu cha kusimama nacho mbele ya ofisi.

Na kwetu pia mkazi mwenye ushahidi alishawahi kusimama. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa watu wa Tabata, katika shauri la Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji, kwamba moshi na uvundo wa dampo vilihatarisha maisha yao. Dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa kila lilipohamia kulikuwa na watu, na sijui kama watu hao waliulizwa kama walivyopaswa kuulizwa.

Sasa niseme ninachoomba kwa kila mmoja wenu.

Wakuu wa vyuo, wekeni sharti kwamba tasnifu yoyote iliyochukua taarifa kutoka kwa wakazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka mwanafunzi apeleke kwenye ofisi ya mtaa muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili chepesi, pamoja na ramani au picha kama ipo, na asaini kwenye kitabu cha wageni kwamba ameufikisha. Mpeni nauli ya kurudi. Najua bajeti zenu ni finyu, lakini nauli ya daladala ni kitu kidogo mno kulinganisha na saa ambazo watu wetu wametoa bure. Palipopimwa mboga, maji au damu, majibu yafike kwa aliyepimwa hata kama yanatisha, na aje mtu anayeweza kueleza la kufanya. Pia pangeni mada zenu pamoja. Msiwatume vijana wengi kwenye mtaa uliozoeleka kwa sababu uko karibu na kituo cha basi, ilhali kuna mitaa ya Chanika au Mbagala Kuu ambayo haijawahi kuulizwa swali hata moja.

Wakurugenzi, kila barua ya utambulisho inapita kwenu. Tayari mnajua nani anafanya utafiti gani na wapi. Kinachokosekana ni rejesta moja, ya kata kwa kata, inayoonyesha kazi iliyofanyika na muhtasari wake ulipo. Afisa mipango miji aitunze. Halafu iwe kanuni kwamba mchoro wa mtaro, barabara au urasimishaji wa makazi haupitishwi mpaka aliyeuchora aandike ukurasa mmoja unaosema amesoma tafiti gani za eneo hilo na amezifanyia nini, au kwa nini amezikataa. Ana haki ya kuzikataa, kwa sababu utafiti wa mwanafunzi unaweza kuwa na makosa. Asichokuwa na haki nacho ni kutozijua. Kwenye urasimishaji hili lina uzito wa pekee: watu wamechanga fedha kwa makampuni ya upimaji, mahali pengi kazi imesimama nusu, na ramani za vichochoro na mipaka ambazo wanafunzi walishazichora zingeweza kuokoa muda na fedha hizo.

Waziri wa Ardhi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe kwenye maandalizi ya mipango. Kwa tulivyoona sisi, ushirikishwaji huo mara nyingi ni mkutano wa asubuhi moja, meza ya mbele, ramani kubwa yenye rangi nyingi, na karatasi ya mahudhurio. Tunasaini na kunywa soda. Mtu hawezi kuchangia ramani ambayo ameiona kwa mara ya kwanza saa nne asubuhi na inatakiwa ipitishwe saa sita. Kama muhtasari wa tafiti ungekuwa umekaa kwenye ofisi ya mtaa miezi kadhaa kabla, tungeingia mkutanoni tukijua namba zetu, na mabishano yangekuwa juu ya mambo ya kweli. Tunaomba kanuni zitaje jambo hili.

Waziri wa TAMISEMI, tunaomba waraka. Waraka mmoja kwa halmashauri zote, kwa maana Mwanza, Mbeya, Arusha na Dodoma nao wana wanafunzi na wana mabonde. Waraka huo uilinde taarifa ya mkazi kama nilivyoeleza, na uiruhusu ofisi ya mtaa kumkatalia kibali mtafiti wa chuo ambacho kazi zake za nyuma hazijarudi. Hatutaki kufika huko, lakini bila mlango wa kufunga ombi letu litabaki kuwa ombi.

Na ramani za wazi zilizokwisha kuchorwa zisiachwe zizeeke. Tangu wanafunzi wapime mitaro yetu, mingine imejengwa upya, mingine imezibwa na nyumba, mingine mvua imeila. Ramani ya mtaro ya miaka mingi iliyopita inaweza kumdanganya mhandisi vibaya kuliko kukosa ramani kabisa. Wanafunzi wa kila Julai wangeweza kupewa kata za kuhakiki kama sehemu ya mafunzo yao, wakiongozana na vijana wa mtaa, ambao wakifundishwa mara moja kutumia simu kuweka alama watabaki na ujuzi huo mtaani mwaka mzima. Fungu dogo la posho kutoka mapato ya ndani ya halmashauri linatosha kuanzia kata chache.

Kwa upande wetu tuko tayari. Ofisi yetu ya mtaa ina kabati lenye kufuli na ubao wa matangazo. Mtendaji amekubali kupokea na kuorodhesha kila muhtasari utakaoletwa. Mwalimu mstaafu wa jirani yetu ameahidi kuzisoma kwa sauti kwenye mikutano, kwa ajili ya wasioona vizuri na wasiosoma. Tutaendelea kuwatembeza wanafunzi, kuwaonyesha panapoteleza, kuwaambia mbwa yupi mkali, kuwakalisha kivulini jua likizidi.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Tunaomba mtujibu kabla ya hapo, na tunaomba barua ya kwanza kabisa ya utambulisho itakayogongwa muhuri baada ya leo iwe na mstari unaosema mwanafunzi huyu atarudi mtaani lini na majibu.

Wenu katika ujenzi wa jiji letu,

Mkazi na mjumbe wa kamati ya mtaa,
Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam